Herufi L na Mutua Kumi wa Ndithini

Wasee, hebu simama katikati ya soko la Ndithini, kule Masinga, uite "Mutua!" Hesabu vichwa vitakavyogeuka. Hiyo ndiyo shida iliyowasumbua watengenezaji wa geji za Flight Simulator kwa miaka, na mimi lawama naiweka kwa herufi moja.

Turudi nyuma kidogo. Bruce Artwick alitoa simuleta yake ya Apple II mwaka wa 1979, Microsoft ikaja na yake 1982. Kufikia Flight Simulator 2004 (ambayo, usishangae, ilitoka 2003), yeyote mwenye Notepad angeweza kujiandikia geji kwa XML: ya mwinuko, ya mafuta, hata swichi ya taa. Geji hutumia vigeu, yaani vijina vinavyobeba thamani. Vya A: ni vya simuleta yenyewe, kama kasi ya ndege. Vya G: ni vya geji moja pekee, na vilikuwa tisa tu, Var1 hadi Var9. Halafu kuna L:.

L ni ya "local", ya hapa ndani. Ungedhani ni siri ya geji yako. Wapi! Geji zote za ndege hiyo zinakisoma, na zinaweza kukibadilisha. Sasa chukua swichi ya jamaa mmoja na redio ya mwingine, zipange kwa paneli moja, kumbe wote wawili waliandika L:Power. Ukizima hii, ile nayo inazimika. Hakuna onyo lolote. Unakesha ukikagua kazi yako mstari kwa mstari, na kazi yako haina neno.

Dawa ikawa ile ile ya sokoni: Mutua wa Ndunge, Mutua wa posho mill. Watu wakaanza kubandika jina la mradi mbele. Cheki Airbus ya bure ya FlyByWire kwenye simuleta ya 2020: vigeu vyake vingi vinaanza na L:A32NX_.

Lakini sitaki L ifungwe, hata kidogo. FSUIPC na MobiFlight zinasoma vigeu hivyo hivyo, ndiyo maana kijana anaweza kuunga vitufe vya Arduino mezani na taa za kokpiti zikamtii. Saa moja ya kurusha ndege halisi pale Wilson ni pesa ambayo wengi wetu hatuna. Kwa G:, huyo kijana angebaki nje akichungulia.