Yujenoli ya Karafuu na Kuganda kwa Damu

Yujenoli ni kiini cha mafuta ya karafuu, chenye harufu kali na tabia ya kutia ganzi, nacho aghalabu huwa kati ya asilimia 70 na 90 ya mafuta yanayokenekwa kutoka karafuu zenyewe. Mkarafuu, ambao asili yake ni visiwa vya Maluku, uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ukashika Pemba zaidi, hasa baada ya tufani ya mwaka 1872 kuing'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Huko Sigalagala, katika njia iendayo Kakamega kutoka Kisumu, mpishi wa pilau ya harusi hutia karafuu chache katika mafuta ya moto pamoja na iliki na mdalasini, na harufu yake ikawafikia wageni kabla ya sinia.

Mtu akijikata, chembe sahani za damu hukimbilia jeraha, zikatoa tromboksani, ambayo ndiyo mjumbe wa kuziita chembe nyingine, hata zikashikana na kuziba mshipa. Tromboksani hutokana na kimeng'enya ambacho aspirini hukizuia, kama alivyobainisha mwanasayansi John Vane mwaka 1971. Na yujenoli nayo, ikichanganywa na damu maabarani, huonekana kuipunguza tromboksani hiyo na kuzifanya chembe zichelewe kushikana.

Lakini damu ya maabarani si damu ya mwilini, wala karafuu tano za sufuria nzima hazilingani na kijiko cha mafuta yake. Kwa hiyo ni kosa kubwa kumwachisha mgonjwa wa moyo dawa zake kwa kutumainia viungo. Na hicho kijiko cha mafuta kina hatari yake: huko Uingereza, katika habari iliyoandikwa mwaka 1993, mtoto wa miaka 2 alimeza mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu, akazimia, ini lake likadhurika, na damu ikaharibika katika kuganda kwake, maadamu ini ndilo lifanyalo protini nyingi za kugandisha. Alipona kwa taabu.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, haigusi chembe sahani, bali huzuia kazi ya vitamini K ilisaidiayo ini kuzifanya protini hizo. Basi anayeitumia, akinywa na mafuta ya karafuu, yamkini hulegeza milango miwili kwa pamoja. Huyo, na kadhalika anayengoja kupasuliwa, yampasa kumtajia tabibu hata ile chupa ndogo aliyoinunua sokoni kwa ajili ya jino.