Mbwa wa Mbumbuni hajapotea: kabla ujenge kituo cha kumwokoa, soma historia yake

Mnazijua zile video. Kijana wa Nairobi amevaa gambuti, anaosha mbwa aliyeokotwa barabarani, muziki wa pole pole nyuma, mbwa anatikisa mkia. Chini kwa komenti lazima upate msee wa ushago ameandika: "Hata sisi tunataka kituo kama hicho huku kwetu." Mwingine anajibu: "Tuchange, tujenge." Roho safi kabisa. Lakini wasee, kabla tuchange za mabati na waya, tuulizane swali moja la historia: ni nini hasa kimekuwa kikiua mbwa wa Ukambani, na ni nini kimewahi kuwaokoa?

Sipingi vituo. Mjini vina kazi yake. KSPCA, lile shirika la kulinda wanyama ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilianza 1910, na hadi leo linapokea mbwa ambao wenyewe wamehama, wamechoka nao ama wamewatesa. Mtu anayejitolea pale anafagia vizimba, analisha, anawatembeza mbwa hadi wazoee binadamu tena. Hiyo ni kazi ya maana, juu mbwa wa mjini akifukuzwa kwa geti, hana pengine pa kwenda.

Sasa njoo Mbumbuni, Mbooni Mashariki, kaunti ya Makueni. Siku ya soko utaona mbwa amelala karibu na bucha, mbavu zinahesabika, hana mkanda shingoni. Mtu wa mjini anasema papo hapo: mbwa koko, aokolewe. Uliza kwanza. Huyo anaitwa Simba. Ana boma ng'ambo ya kilima, amemfuata mama sokoni, na jioni watarudi pamoja. Usiku kazi yake ni kubwekea mwizi wa mbuzi, mchana kufukuza nyani shambani. Wakamba walikuwa wawindaji, na ngiti, yaani mbwa kwa Kikamba, alikuwa wa boma kabla hata neno "koko" halijafika huku. Watafiti walipopita vijijini wilaya ya Machakos mwaka 1992 na 1993, walikuta karibu mbwa 7 kwa kila 10 hawafungwi kabisa. Makueni ilikuwa ndiyo tu imemegwa kutoka Machakos mwaka huo wa 1992, kwa hivyo ni watu wale wale na mbwa wale wale. Mbwa kutembea huru si kukosa mwenyewe. Ndivyo anavyofugwa.

Basi shida yake si kupotea. Shida yake ina jina: kichaa cha mbwa.

Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja pembeni mwa Nairobi. Binadamu wa kwanza kurekodiwa alikuwa mwanamke wa upande wa Ziwa Victoria, 1928. Virusi vinaingia kupitia mate, kwenye jeraha la kuumwa, vinapanda polepole kwenye neva hadi ubongo. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa, awe mbwa ama mtu. Kinachouma zaidi ni kwamba dawa ya kuzuia ilikuwepo kabla hata Nairobi haijajengwa. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, huko Ufaransa mwaka 1885, na mtoto akapona. Yaani tunazungumzia ugonjwa uliopata kinga zaidi ya miaka 130 iliyopita, na bado makadirio yanasema unaua watu hadi 2,000 kwa mwaka hapa Kenya, na karibu 59,000 duniani. Watoto ni wengi kati ya wanaoumwa, juu mtoto ndiye anayecheza na mbwa na ndiye anayekimbia akimwona.

Serikali zilifanya nini? Chanjo zilikuwepo, lakini kwa miaka mingi jibu la haraka lilikuwa kuua. Sheria yetu ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365, inaruhusu mbwa anayezurura kukamatwa na kuangamizwa ugonjwa ukiingia eneo. Kwa karatasi inasikika sawa. Mashinani ilimaanisha bunduki na vipande vya nyama vyenye sumu. Na unakumbuka nani anazurura? Simba, aliyemfuata mama sokoni.

Kuua kungekuwa kunafanya kazi, labda tungemeza uchungu tunyamaze. Lakini angalia Bali, Indonesia. Kichaa cha mbwa kiliingia kisiwa kile mwaka 2008, wakaua mbwa kwa maelfu mengi, na ugonjwa ukaendelea kusambaa. Ulianza kushuka walipogeukia chanjo ya halaiki. Sababu iko wazi ukiitafakari. Ukiua mbwa wa mtu, wiki ijayo ameleta mtoto wa mbwa ambaye hajachanjwa. Ukitangaza unakuja kuua, watu wanaficha mbwa wao ama wanawapeleka kwa shangazi kijiji kingine, na virusi vinasafiri nao. Tena risasi haiulizi nani ana cheti cha chanjo. Unaua hata wale waliokuwa ukuta wako.

Ule utafiti wa Machakos ulitoa hesabu nyingine ambayo kila mpenda mbwa angeijua kwa kichwa. Mbwa dume aliyezaliwa pale alitarajiwa kuishi miaka 3.5. Jike, 2.4. Maisha mafupi hivyo yanamaanisha kijiji kinabadilisha mbwa wake haraka sana. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Lakini ukichanja leo Mbumbuni ukaenda nyumbani kupiga makofi, mwaka kesho sehemu ya waliochanjwa wamekufa na wapya wamezaliwa bila kinga. Ndiyo maana kazi hii si ya siku moja ya picha. Ni ya kila mwaka, na inahitaji watu wanaorudi.

Mwaka 2014 Kenya ilitoa mpango wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030. Kaunti za kuanzia zilikuwa tano: Siaya, Kisumu, Machakos, Kitui na Makueni. Ndiyo, kwetu. Na kama unadhani ni ndoto ya makaratasi, vuka bahari hadi Pemba, Zanzibar. Walianza kuchanja mbwa kwa wingi 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ukawa umeisha kisiwani. Chanjo ikalegea, 2016 ukarudi. Wakakaza tena, na 2018 ukaisha mara ya pili. Pemba imetufundisha mambo mawili kwa bei ya kisiwa kimoja: inawezekana, na ukilala inarudi.

Sasa turudi kwa kujitolea, juu hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Kituo cha vizimba 20 Mbumbuni kitaokoa mbwa 20, na kesho utahitaji unga, maji, mlinzi na daktari wa mifugo kwa miaka yote. Siku ya chanjo uwanjani inalinda mbwa wa lokesheni nzima, pamoja na watoto wao. Sindano atadunga daktari wa mifugo, lakini sindano ndiyo sehemu fupi. Kazi ndefu ni yetu: kupita boma kwa boma wiki moja kabla ukiwaambia watu siku na mahali, kuleta kamba za mkonge juu wengi hawajawahi kumfunga mbwa wao, kupanga foleni mbwa wasipigane, kuandika vyeti, kumfuata yule mzee ambaye miguu haimfikishi uwanjani. Na kama utashika mbwa, nenda hospitali uulizie chanjo ya kujikinga wewe mwenyewe kwanza. Ushujaa bila chanjo si ushujaa.

Kuna atakayesema: na wale watoto wa mbwa wanaotupwa kwa gunia kando ya barabara? Swali la haki. Hao wapo, na kwao kibanda kidogo kwa mtu mwenye moyo kinasaidia. Lakini wanatupwa juu mama yao alizaa na hakuna aliyewataka. Pesa ya mabati ikilipia majike kufungwa uzazi siku hiyo hiyo ya chanjo, magunia yatapungua kwa njia ambayo kizimba hakiwezi.

Najua foleni ya mbwa uwanjani haivutii kwenye video kama mbwa mmoja anayeoshwa. Hakuna muziki wa pole pole wakati mbwa 50 wanabweka pamoja. Lakini mbwa wa Mbumbuni tayari ana jina na ana nyumba. Anachokosa ni watu watakaosimama kati yake na virusi mwaka baada ya mwaka, ili asije akageuka hatari kwa mtoto aliyempa jina.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28. Uliza ofisi ya mifugo ya eneo lako kama kuna chanjo, na kama wanahitaji mikono. Na hii iseme nyumbani leo: mtu akiumwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wenu na mnampenda.

Haya, watu wa Makueni na Kitui: kwenu chanjo ya mbwa ilikuja lini mara ya mwisho, na nani aliwaambia? Andikeni hapo chini.