Wekundu wa Makaburi ya Wamaya: Kutoka Jina la Madini hadi Mpangilio wa Tabaka

Rangi nyekundu inayokutwa katika makaburi ya Wamaya wa kale, kuanzia Chiapas na Yucatán nchini Meksiko hadi Guatemala, Belize na magharibi mwa Honduras, hutokana hasa na madini mawili. La kwanza ni hematiti, yaani oksidi ya chuma. La pili ni sinaba, ambayo ni zebaki iliyoungana na salfa. Yakisagwa, macho matupu yanaweza yasiyatofautishe. Kwa thamani na kwa sumu, hata hivyo, hayakaribiani. Hematiti hupatikana sehemu nyingi zenye udongo wa chuma, ilhali sinaba ilitoka kwenye miamba michache ya milimani na kusafirishwa hadi miji ya nyanda za chini isiyokuwa nayo. Aliyezikwa na kilo kadhaa za sinaba alizikwa na mali iliyotoka mbali.

Mifano inayojulikana zaidi iko Palenque, Chiapas. Mwaka 1952 Alberto Ruz Lhuillier aliingia katika chumba kilichofichwa chini ya Hekalu la Maandishi, akakuta kaburi la mfalme K'inich Janaab' Pakal, aliyefariki mwaka 683. Mwaka 1994, katika hekalu dogo la jirani, lile la 13, likapatikana jeneza la jiwe lenye mifupa ya mwanamke iliyofunikwa na sinaba nyingi kiasi kwamba akaitwa Malkia Mwekundu, na jina hilo limemganda hadi leo. Wataalamu wengi wanamtambua kuwa Ix Tz'akbu Ajaw, mke wa Pakal, aliyefariki mwaka 672. Jeneza lake halina maandishi, kwa hiyo utambulisho huo umejengwa juu ya mifupa yenyewe na mazingira ya kaburi.

Swali la kwanza la maabara ni kama wekundu ni wa chuma au wa zebaki. Kifaa cha eksirei cha kushika mkononi hulijibu kwa dakika chache, bila kukwangua mfupa. Humulika unga wa rangi, atomi zake husisimka na kutoa eksirei zao zenyewe, na kila elementi hutoa kwa nishati yake. Chuma huonekana kwenye kiloelektrovolti 6.4, zebaki karibu na 10. Lakini kifaa hicho hutaja elementi tu, hakitaji madini. Chuma kilichosomwa huenda kimetoka kwenye udongo uliomwagika kaburini baada ya paa kuporomoka. Ndipo sampuli ndogo, punje chache tu, hupelekwa kwenye mashine nyingine. Kuna ile inayopitisha eksirei katika fuwele na kusoma pembe zinazojitokezea, na kuna ya leza, inayofuata mbinu ya Raman, ambayo husoma jinsi molekuli zinavyotetemeka. Sinaba na hematiti zikipigwa leza hutoa alama ambazo hazichanganyiki, hata pale zilipochanganywa makusudi katika unga mmoja.

Na zilichanganywa. Mafundi walijua pia kwamba ukubwa wa punje hubadilisha rangi: sinaba iliyosagwa sana huelekea rangi ya chungwa, na hematiti yenye vibapa vya kung'aa humetameta ikiguswa na mwanga. Mtaalamu anayeripoti madini bila kuripoti ukubwa wa punje amesoma nusu ya ukurasa.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kulitaja jina la madini ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Lenye uzito ni lini rangi ilipakwa. Maiti akipakwa mwilini, au akifunikwa nguo iliyotiwa rangi, nyama ikioza unga hudondoka na kutua juu ya mifupa ovyoovyo, mwingine ukiishia sakafuni chini ya mgongo. Mfupa mkavu ukipakwa, rangi huenea pande zote, huingia katika nyufa, na hufika hata kwenye nyuso za viungo ambazo siku ya maziko zilikuwa bado zimefunikwa na gegedu. Chembe ya sinaba iliyobanwa ndani ya kiungo cha goti ni dalili kwamba kuna mtu alirudi kaburini baada ya mwili kwisha. Hadubini ya elektroni huonyesha pia kama chini ya rangi kuna uzi wa nguo, utomvu au mfupa mtupu, na tabaka hizo husomwa moja baada ya nyingine kama safu za chokaa kwenye ukuta wa nyumba kongwe.

Kaburi la Copán, Honduras, ambalo wachimbaji walilipa jina Margarita, ni mfano mzuri. Ni la mwanamke wa karne ya 5, na dalili zinaonyesha kwamba walio hai waliendelea kuingia humo baada ya maziko, na mifupa ikafunikwa sinaba. Maziko ya wakuu hayakuwa tukio la siku moja. Hapa hilo limesomwa kwenye vumbi.

Rangi haikupakwa peke yake. María Luisa Vázquez de Ágredos Pascual wa Chuo Kikuu cha Valencia na Vera Tiesler, mtaalamu wa mifupa wa Yucatán, wameonyesha kwamba unga mwekundu ulichanganywa na utomvu wenye harufu nzuri. Jamii ya utomvu huo ni kopali, ambayo msomaji wa pwani yetu ataifananisha na sandarusi, ingawa miti ni tofauti. Mchanganyiko huo hutafutwa kwa kromatografia ya gesi, inayotenganisha viambato vya utomvu na kuvipima kimoja kimoja. Kwa hiyo maiti alipakwa rangi na manukato kwa pamoja, na anayepima madini pekee hukosa nusu ya maandalizi.

Buluu ya Wamaya ni hadithi nyingine. Haionekani sana juu ya mifupa kama nyekundu, ila imebaki kwenye baadhi ya sanamu ndogo za udongo zilizozikwa na wafu katika kisiwa cha Jaina, pwani ya Campeche. Ni nili ya mmea iliyounganishwa na udongo uitwao paligoskiti, kwa joto la wastani, hata molekuli za nili zikanaswa katika vinjia vya udongo huo. Ndiyo sababu asidi haiitoi. Uchunguzi wa mwaka 2008, uliofanywa na Dean Arnold na wenzake kwenye bakuli kutoka kisima kitakatifu cha Chichén Itzá, ulikuta ndani ya kopali mabaki yanayoonyesha kuwa rangi hiyo ilitengenezwa papo hapo kwa kuchomwa pamoja na utomvu, na si karakanani tu. Kifaa cha eksirei kinachofanya kazi nzuri kwa sinaba hakifai hapa: nili imeundwa na elementi nyepesi kisizoziona.

Kuhusu maana, maabara haina la kusema peke yake. Wamaya waliihusisha nyekundu na mashariki, upande wa macheo, na katika kaburi la 12 la Río Azul, Guatemala, alama za pande nne za dunia zimechorwa kila moja kwenye ukuta wake. Tafsiri ya kwamba wekundu ulimwekea maiti macheo ni ya kuridhisha, ila imetoka kwa wasomaji wa maandishi, si kwa wapimaji wa fuwele.

Kuna jambo moja la sumu ambalo vipimo vimelithibitisha nje ya kaburi. Mwaka 2020 watafiti waliopima mashapo ya mabwawa ya Tikal, Guatemala, walikuta zebaki nyingi kwenye yale yaliyokuwa karibu na kasri na hekalu, na wakaihusisha na sinaba ya majengo na maziko iliyosombwa na mvua. Mabwawa hayo ndiyo yaliyowanywesha wakazi.