Haki ya Njia, kutoka Kyavinyonge hadi Lamu

Kyavinyonge imebanwa. Mbele yake ni Ziwa Edward. Nyuma na kando ni Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma, ni kijiji cha wavuvi kinachotambuliwa kisheria upande wa Kongo, na wakazi wake hawana ruhusa ya kujisogeza na kujenga ndani ya hifadhi. Watu wanaongezeka, ardhi iko palepale. Kisichopata nafasi uani hutolewa nje: nyavu za kuanikwa, mitumbwi ya kuzibwa nyufa, matita ya kuni, vichanja vya samaki, madumu ya maji. Njia imekuwa ghala, karakana na jiko kwa pamoja, na anayepita kwa miguu hupita pale palipobaki.

Usiku kuna mpita njia mwingine. Kiboko hutoka majini jua linapozama, huenda kula majani, kisha hurudi ziwani kabla ya mapambazuko, na vijiji vya wavuvi vimekaa katikati ya safari yake. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Ujangili na vita viliwapunguza hadi chini ya 1,500 mwanzoni mwa karne hii. Waliobaki bado hupita kati ya nyumba. Kila mtoto wa ziwani anafundishwa kwamba usisimame kati ya kiboko na maji. Lakini ili usisimame hapo unahitaji pa kukwepea, na uchochoro uliojaa mitumbwi na nyavu hauna pa kukwepea. Ninaanza na kiboko kwa sababu yeye anaonyesha bila ubishi jambo ambalo pikipiki na lori hulificha: kitu kilichoachwa njiani mchana na mtu asiye na nia mbaya kinaweza kumuua jirani yake usiku.

Samaki wa Kyavinyonge hupanda milima hadi Butembo, na mazoea ya njia hayabadiliki huko juu, yanaongezeka ukubwa tu. Butembo ni mji wa biashara wa Wanande, au Wayira kama wengi wanavyojiita. Wafanyabiashara wake huagiza makontena kutoka Dubai na Guangzhou, yakapita Mombasa na Kampala hadi kwenye mpaka wa Kasindi. Mzigo huo huishia barabarani. Duka la magodoro hupanga magodoro hadi ukingoni mwa mfereji. Anayeuza mabati huyaegemeza nje, ncha zikitazama njia. Pikipiki mpya husimamishwa safu kwa safu. Kando yake yupo kadafi, muuza petroli ya chupa na madumu, na mbele yake motari wanasubiri abiria. Vita vimeleta wakimbizi wengi Butembo na Beni, na asiye na shamba wala duka hutandika turubai chini akauza nyanya na sabuni. Simlaumu. Anauza mahali watu wanapopita kwa sababu hapo ndipo chakula cha watoto wake kinapopatikana.

Nilimtazama siku moja mama aliyekuwa akipita mahali kama hapo na beseni la samaki kichwani na mtoto mgongoni. Anayebeba kichwani haangalii miguu yake, hawezi. Shingo imenyooka, macho yako mbele, na ardhi anaijua kwa nyayo. Alifika penye rundo la magodoro. Kushoto kwake ukuta wa bidhaa, kulia mfereji uliofunikwa kwa mbao mbili, moja ikiwa imeoza. Alisita, akageuza mwili wote kama mlango, akashuka barabarani. Motari aliyekuwa nyuma alipiga honi, akampita karibu sana hata kitenge cha mtoto kikapeperuka. Mama akarudi pembeni, akaendelea. Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa hakuna aliyeona kwamba kuna jambo limetokea.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na takriban mmoja kati ya watano ni mtembea kwa miguu. Tumezoea kumtafuta mkosaji kwenye usukani. Hapa kwetu usukani nao una yake: Kongo magari hukaa kulia, Uganda hukaa kushoto, na magari mengi ya Butembo yaliyoletwa kupitia Kampala yana usukani upande wa kulia, kwa hiyo dereva anayetaka kupita lori lililo mbele yake haoni kinachokuja mpaka ametoka nusu nzima. Anayevuka Kasindi kwa miguu lazima ageuze hata mazoea ya shingo yake, atazame kwanza upande mwingine. Hayo yote ni kweli. Lakini yule mama hakuingia barabarani kwa kupenda. Alisukumwa, na kilichomsukuma ni godoro na ubao uliooza.

Ni nani basi anayewajibika kwa kile kilichoachwa njiani? Swali hili ni la zamani, na majibu yaliyotolewa na mila mbalimbali yanaangukia pande mbili.

Upande wa kwanza unasema njia ni kazi ya wote, katika siku iliyotengwa. Buganda ilikuwa na bulungi bwansi, kazi ya pamoja kwa manufaa ya nchi, na wageni wa karne ya 19 walishangazwa na upana na usafi wa barabara zilizotoka kwa machifu hadi ikulu ya Kabaka. Rwanda ina umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, ambayo imewekwa katika sheria tangu 2007. Kongo ina salongo, iliyotiwa nguvu na Mobutu, nayo bado inaitishwa katika miji yetu: maduka hufungwa asubuhi, watu hutoka na majembe, chepeo na mafagio. Naiheshimu salongo. Imezibua mifereji ambayo hakuna bajeti ya mji ingeigusa. Lakini ina udhaifu mmoja mkubwa, kwamba inamalizika saa sita mchana. Saa saba magodoro yanarudi mahali pake, na mwenye duka ana dhamiri safi kwa kuwa amefagia.

Upande wa pili hauhesabu siku. Unamtafuta mwenye kitu. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, sheria ya Musa inasema kwamba mtu akifunua shimo au akichimba shimo na asilifunike, ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Haiulizwi kama ng'ombe alikuwa macho. Walimu wa Kiyahudi walioandika Mishna waliendeleza fikra hiyo hadi kwenye mtungi: mtu akiweka mtungi wake katika njia ya umma, mwenzake akajikwaa akauvunja, aliyejikwaa halipi kitu, na akiumia, mwenye mtungi ndiye anayemlipa. Butembo ina Wakatoliki na Waprotestanti tele, na Kutoka inasomwa kila mwaka makanisani mwake. Sijasikia mahubiri juu ya shimo lisilofunikwa, ilhali kila anayetoka ibadani hulazimika kuruka moja au mawili akielekea nyumbani.

Uislamu umelisema jambo hilohilo kwa namna ya karibu zaidi na maisha ya mtaani. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, kuondoa chenye kudhuru njiani kumehesabiwa kuwa tawi la imani, na katika nyingine, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa sadaka. Na Mtume alipowaonya masahaba wasikae njiani, nao wakasema hawana budi kwa kuwa hapo ndipo wanapozungumzia mambo yao, hakuwafukuza. Aliwaambia waipe njia haki yake, na haki hizo akazitaja: kuinamisha macho, kuzuia madhara, kujibu salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Maana yake kwetu ni kubwa. Kukaa njiani kumeruhusiwa, ila aliyekaa ana deni kwa anayepita, na deni hilo analo kila dakika aliyo pale.

Ukitaka kuona fikra hiyo imekuwa jiwe na chokaa, nenda Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mbele ya nyumba kuna baraza, benchi la mawe lililoshikamana na ukuta, limejengwa kabisa katika nafasi ya mtaa. Mtu wa mipango miji anayetazama ramani tu angeiita kizuizi. Lakini baraza haihami wala haiongezeki kila mwezi, haina ncha, na mvua ya masika inapogeuza vichochoro kuwa vijito, watu hupita juu yake wasilowe. Wazee wanaokaa hapo wanamjua kila mtoto anayepita. Kinachotishia vichochoro hivyo leo ni pikipiki, na Lamu, mji uliozoea punda, wenyeji wamekuwa wakipigania zisiingie katika Mji wa Kale. Wanande nao wana kyaghanda, mahali pa wanaume kukutana, kula pamoja na kuamua mambo. Ila kyaghanda iko ndani ya makazi, si ukingoni mwa njia. Nadhani hapo ndipo tofauti yetu na pwani inapoanzia. Adabu ya kukaa pamoja tunayo na ni ya kina, lakini ilikuzwa uani, na tulipohamia barabarani pamoja na biashara zetu hatukuhama nayo.

Kuna njia ya tatu inayopendwa na serikali nyingi, nayo ni kufagia watu badala ya takataka. Dar es Salaam iliwaondoa machinga kando ya barabara mwishoni mwa 2021. Kampala ilifanya hivyo Januari 2022. Kigali kuna faini kwa anayeuza barabarani na hata kwa anayenunua kwake. Ukipita Kariakoo, Dar es Salaam, leo utawakuta wauzaji wapo. Mabavu husafisha barabara kwa wiki kadhaa, kisha njaa huirudisha hali ilivyokuwa, na kwa kawaida huangukia turubai la nyanya na kuliacha rundo la mabati, kwa kuwa mwenye mabati analipa kodi na anajulikana kwa jina. Hapa kwetu Kivu Kaskazini, ambako tangu Mei 2021 hali ya dharura imeweka utawala mikononi mwa jeshi na polisi, kishawishi cha kutumia mabavu ni kikubwa zaidi.

Nasema hivi nikikumbuka Ebola. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, mlipuko uliochukua maisha ya watu zaidi ya 2,200 ulibadilisha kingo za barabara za Butembo na Beni. Ndoo za kunawia mikono ziliwekwa mbele ya maduka, makanisa na kwenye vizuizi vya barabarani. Hatua zilipokuja kwa amri na msafara wa magari, watu walizipinga, wakati mwingine kwa mawe na kwa damu. Zilipopitia kwa wakuu wa mitaa, mapadri, wachungaji, viongozi wa motari na mama wa soko, ndoo zilisimama mahali pake na kujazwa maji kila asubuhi na mwenye duka mwenyewe. Mji huu basi unajua kuutunza ukingo wa barabara siku hadi siku. Ulishafanya hivyo kwa karibu miaka miwili, na mtunzaji alikuwa mwenye mlango.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: salongo ibaki, lakini isihesabiwe kuwa ndiyo usalama wa njia. Usalama unataka sheria ya mtungi na shimo. Kinachotoka dukani mwako ni chako hata kikiwa nje, na aliyeumizwa nacho ana madai kwako. Kongo ina Sheria ya Barabara ya tarehe 30 Agosti 1978; haiwezi kumsaidia mtembea kwa miguu ambaye pembeni mwa barabara hana nafasi. Lazima kwanza pawepo pa kupita.

Na kipimo tunacho. Chukueni upana wa mama wawili wanaopishana, mmoja akiwa na beseni kichwani, mwingine akiwa ameshika mkono wa mtoto. Ni kama mita moja na nusu. Uchorwe mstari wa chokaa mbele ya kila duka la barabara kuu ya Butembo, na kando ya kila uchochoro wa Kyavinyonge unaoshuka ziwani, na nafasi hiyo isiwekwe kitu, si godoro, si wavu, si pikipiki ya askari. Upande wa pili wa mstari, muuza nyanya aachwe auze. Ushirika wa wavuvi utenge eneo moja la kuanikia nyavu na kutengenezea mitumbwi, mbali na njia ya viboko, kwa kuwa hifadhi haitasogea. Wenye maduka wafunike mifereji iliyo mbele yao kwa zege, na ubao uliooza uhesabiwe kuwa shimo lililoachwa wazi.

Ndugu msomaji mwenye duka, usisubiri meya wala siku ya salongo. Toka nje sasa hivi, utazame mbele ya mlango wako, na ukiona anayepita analazimika kushuka barabarani kwa sababu ya mali yako, iingize ndani.