Tiba ya watoto yawafaa vijana wenye saratani ya damu

KIJANA wa miaka 18 kutoka Bahati, Kaunti ya Nakuru, akipatikana na lukemia kali ya limfoblasti, saratani ya damu inayowashika zaidi watoto, anaweza kujikuta katika wadi ya watoto au ya watu wazima. Huenda hilo likaonekana jambo la vitanda tu. Sivyo.

Mwaka 2003, watafiti nchini Ufaransa waliwalinganisha wagonjwa wa miaka 15 hadi 20 waliotibiwa kwa taratibu hizo mbili. Baada ya miaka mitano, asilimia 67 ya waliofuata utaratibu wa watoto walikuwa hai bila ugonjwa kurejea. Waliofuata ule wa watu wazima walikuwa asilimia 41. Ulinganisho kama huo nchini Marekani, uliochapishwa 2008, ulitoa asilimia 63 dhidi ya 34 baada ya miaka saba.

Umri ule ule, ugonjwa ule ule. Kilichotofautiana ni dawa na ratiba. Watoto hupewa zaidi vinkristini (iliyotokana na ua la Madagaska ambalo wengi hulipanda uani kwa urembo), steroidi na asparajinasi. Hii ya mwisho huvunja asparajini, kirutubisho ambacho seli za lukemia haziwezi kujitengenezea vya kutosha, nazo hufa kwa njaa. Watu wazima walipewa zaidi dawa zinazodhoofisha uboho. Wapo pia madaktari wanaoamini kuwa siri nyingine ni nidhamu: mtoto husindikizwa na mzazi, na tarehe za dawa hazichezewi.

Ulinganisho wa kuangalia nyuma hautoshi kuthibitisha jambo. Ndiyo maana Marekani iliendesha jaribio la CALGB 10403 kati ya 2007 na 2012, ambapo watu 295 wa miaka 17 hadi 39 walipewa tiba ya watoto. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha asilimia 73 walikuwa hai baada ya miaka mitatu.

Hata hivyo, mwili wa mzee si wa mtoto. Katika jaribio la Ufaransa la GRAALL-2003, vifo vilivyosababishwa na tiba yenyewe vilifikia asilimia 23 kwa waliozidi miaka 45, dhidi ya asilimia 5 kwa walio chini yake. Asparajinasi huweza kudhuru ini na kongosho, au kugandisha damu mishipani. Wenye kromosomu ya Philadelphia nao hawahusiki na jaribio la Marekani, kwa kuwa huhitaji vidonge vya aina nyingine, kama imatinibu.

Kwa familia ya Bahati, ugumu hauishii kwenye uteuzi wa dawa. Awamu za mwanzo huhitaji damu ya kuongezewa na viuavijasumu vilivyo tayari, kwa kuwa homa ya usiku mmoja yaweza kuua. Kisha hufuata miaka miwili au zaidi ya tiba ya kuendeleza: vidonge vya mekaptopyurini kila siku na methotreksati kila wiki. Vidonge humezwa nyumbani, lakini damu sharti ipimwe mara kwa mara ili dozi irekebishwe, na nauli ya matatu ya kwenda hospitalini hutafutwa miezi yote hiyo, hata mgonjwa anapojihisi mzima kabisa.