Nani Mwenyeji Wetu Hapa?



Ramadhani moja iliyopita nilialikwa na mwanafunzi wangu wa zamani, aliyesoma juzuu zake kwangu na ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake mjini Dar es Salaam, twende tukafuturu katika hoteli kubwa. Kwao ni Ngara, katika nchi ya Wasubi, na baba yake mzazi alikuwa amekuja kumtazama. Hoteli ile ilikuwa imetangaza ofa ya mwezi: watu wanne wale kwa bei ya watatu. Basi tukatimia wanne: yeye, mkewe, mzee wake na mimi.

Tukakuta meza ndefu iliyopangwa vyakula vya kila namna, na kila mtu anajipakulia mwenyewe. Mzee akaketi, akawa anatazama huku na huku kama anayetafuta mtu. Kisha akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini: "Shehe, nani mwenyeji wetu hapa? Nataka kumpa mkono kabla sijala."

Mwanawe akacheka. Mimi sikucheka, wala sikuwa na jawabu. Swali lile nilikwenda nalo nyumbani, nikalala nalo, na ndilo lililonirudisha vitabuni kutazama jinsi mgeni alivyokuwa akilishwa zamani katika nchi zetu hizi.

Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331. Anatueleza kuwa jahazi la biashara likitia nanga pale, vijana wa mji walikuwa wakitoka kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi tajiri mmoja sahani ile na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Toka hapo tajiri yule hushukia nyumbani kwa mwenyeji wake tu. Yeye Ibn Battuta, kwa kuwa hakuwa mfanya biashara bali mtu wa elimu, alipokewa na kadhi wa mji, akaletewa wali wa samli na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na ya pilipili.

Lakini tusidhani kuwa ukarimu ule haukuwa na faida ndani yake. Mwenyeji ndiye aliyekuwa akimuuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka, na bila shaka alipata chake. Ila tazama sharti lake: mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara ile haikubaliwi na watu wa mji. Maana yake ni kuwa aliyekulisha ndiye aliyekulinda usidhulumiwe. Sahani na amana zilikuwa kitu kimoja.

Kutoka huko msafiri yule alipita Mombasa, akafika Kilwa, akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Anamsifu kwa unyenyekevu, ya kuwa alikuwa akikaa na mafakiri na kula pamoja nao. Mfalme na fakiri katika sinia moja! Jambo hili lastahili kukumbukwa zaidi kuliko kuta za majumba yake.

Huko bara nako palikuwa na desturi zake. Mwaka 1861 Mwingereza Speke, pamoja na mwenziwe Grant na msafara wao, walipita katika nchi aliyoiandika kwa jina la Usui. Hiyo ndiyo nchi ya Wasubi, kwao yule mzee wetu, ambayo leo imo katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Mtawala wake, Suwarora, aliwadai hongo ya nguo, shanga na waya, wakacheleweshwa hapo mpaka walipe. Hongo haikuwa na orodha ya bei. Leo wadaiwa hiki, kesho kile. Walipovuka wakaingia Karagwe kwa Rumanyika, mambo yakageuka. Waliambiwa kuwa katika nchi ile mgeni hatozwi kitu, na wakuu wa vijiji waliamrishwa kuwapa chakula kwa gharama ya mfalme. Nchi mbili jirani, msafara ule ule. Basi mtu asiseme kuwa watu wa kale wote walikuwa wakarimu, wala asiseme kuwa ukarimu ulikuwa wa watu wa pwani peke yao.

Sasa, chakula cha kuuzwa kilituingiaje? Neno lenyewe mgahawa lina nasaba na kahawa. Mahali pa kahawa palikuwa pa mazungumzo, na chakula kikafuata. Miji ilipokua na watu wakaacha kwao kufuata kazi za bandari na reli, wakawa wengi wasio na jamaa wa kuwapikia. Hao ndio waliolishwa na wauza vyakula, na mpaka leo wanalishwa na mama ntilie, nao wanafanya kazi ya heshima.

Hoteli kubwa zilikuja kwa njia nyingine. Norfolk ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1904, na mjini Dar es Salaam Wajerumani wakajenga Kaiserhof mwaka 1906, ambayo baadaye ikaitwa New Africa. Hizi hazikujengwa kwa ajili yetu. Siku za ukoloni, katika hoteli nyingi za namna hii, mwananchi aliingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa mpishi, dobi, au mtu mzima anayeitwa "boi". Akizijua ladha za vyakula vyote, lakini kiti hana. Uhuru ulipokuja, milango ikafunguliwa, na mwaka 1965 Kilimanjaro ikafunguliwa Dar es Salaam katika nchi iliyokwisha kujitawala. Kwa hiyo kijana wetu akiketi leo katika ukumbi kama huo pamoja na baba yake, lipo la kumshukuru Mungu, wala simlaumu.

Ila mlango wa ukoloni ulipoondoka, ukabaki mlango wa bei. Na hapa ndipo ofa inapoingia.

Ofa si sadaka, ni hesabu. Mwenye hoteli hulipa mishahara, umeme na kodi ya jengo, kiti kiwe na mtu au kiwe kitupu. Msimu wa masika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, watalii hupungua, na hoteli nyingi za Zanzibar, Malindi na Diani hushusha bei. Ramadhani mchana ukumbi hauna watu, kwa hiyo hutafutwa wa magharibi. Kupata kidogo ni bora kuliko kukosa. Hata meza ya kujipakulia ina hesabu yake: supu, mikate na wali huwekwa mwanzo, nyama mwisho, ili ufikapo kwenye nyama sahani imekwisha kujaa. Vinywaji mara nyingi vina bei yake mbali.

Hakuna haramu katika hayo. Mfanya biashara kupunguza bei yake ni haki yake, na mnunuzi kuifurahia ni haki yake. Iliyo haramu ni ile ya kupandisha bei wiki iliyopita ili ishushwe wiki hii, na mtu akaambiwa kuwa amepunguziwa. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta maji chini yake, akamkemea muuzaji na kumkana kila mwenye kughushi. Bei ya uongo nayo ni rundo lililokauka juu na kulowa chini.

Na upande wetu sisi walaji pia kuna la kujihesabia. Punguzo humfanya mtu anunue asichokihitaji, kisha ahesabu alichookoa badala ya alichotumia. Na kwa kuwa amelipia meza nzima, hujaza sahani mara tatu, akala robo yake. Jioni ile niliona sahani za sambusa na nyama zikiondolewa hazijaguswa, adhana ya isha ikakaribia na watu wangali wamelemewa vitini. Qur'ani katika Suratul Aaraf, aya ya 31, imetuhalalishia kula na kunywa, ikatukataza israfu papo hapo. Kufunga kutwa nzima ili kuonja njaa ya maskini, kisha jioni kutupa chakula chake, ni kujenga kwa mkono huu na kubomoa kwa ule.

Tulipotoka, mwanafunzi wangu alikuwa amefurahi. Akamwambia baba yake, "Baba, leo tumeokoa bei ya mtu mmoja." Mzee akasimama kidogo langoni, akamwangalia askari wa zamu aliyekuwa amefuturu kwa tende na maji ya chupa. Akasema, "Basi mtu huyo mmoja ndiye huyu hapa. Mpe chakula chake."

Kijana akanyamaza. Chakula cha meza ile hakikuruhusiwa kutolewa nje. Lakini kesho yake magharibi alikwenda kwa mama ntilie wa mtaani kwao, na kwa ile bei ya mtu mmoja akapata sahani tano za wali na maharage, akazipeleka langoni pale pale. Mzee akafuatana naye, na safari hii hakuuliza mwenyeji ni nani.

Ndugu zangu, sikatazi hoteli, wala sisemi turudi zama za misafara. Nasema hivi: ukipunguziwa, kile kilichopunguzwa usikihesabu kuwa ni chako chote. Katika mji wenye watu wengi wasio na mwenyeji, mwenye sahani ndiye mwenyeji.

Mwenyezi Mungu atuwafikie katika kheri. Amin.