Baiskeli Isiyo na Karia

Mke wangu ana swali moja ambalo ananiuliza tangu ile baiskeli niishushe ukutani: "Baba Furaha, ile kinga inabebaka nini?"

Sisi watu wa Uvira baiskeli tunaiita kinga, kama majirani zetu Warundi wanavyosema ikinga. (Nilipovuka ziwa kuja Tanzania mwaka 1996 nilimuuliza mtu wapi wanatengeneza kinga, akanielekeza zahanati.) Na swali la mke wangu ni la haki. Ile ni BMX, magurudumu ya inchi 20. Haina karia, haina madigadi, haina taa, hata kengele haina. Haibebi unga, haibebi kuni, haibebi dumu la maji. Inanibeba mimi tu, na mimi nina miaka 52.

Iliachwa na mtoto wa dada yangu walipopata safari ya Marekani, mwaka 2017. Alikuwa na miaka 14. Mizigo yao ilipimwa kwa kilo na baiskeli haikuwamo. Akaniambia, "Mjomba, uniwekee." Nikaitundika ukutani, ikakaa mwaka mzima. Siku moja nikaishusha nijaze upepo tu, ili mipira isioze. Nikaipanda hadi bombani, nikarudi. Kesho yake nikaipanda tena, na safari hiyo sikuwa na shida ya bombani.

Vijana wa mtaa walicheka mpaka wakakaa chini. "Papa, ile ni ya batoto!" Ndiyo nikaanza kutafuta historia yake, kwa simu, usiku, bando likiwepo. Nilitaka kujua kama kweli ni ya watoto.

Ilianza kama ya watoto, hilo sikatai. Mwaka 1963 kampuni ya Schwinn ya Chicago ilitoa baiskeli iitwayo Sting-Ray. Fundi wao Al Fritz alikuwa amesikia kwamba vijana wa California wanachukua baiskeli ndogo na kuzifunga usukani mrefu na kiti kirefu kama ndizi. Maana yake kampuni iliiga watoto, si watoto walioiga kampuni. Vijana walewale walikuwa wanatamani pikipiki za motokrosi, zile za mashindano ya vumbini, na pesa hawana. Wakazifanya baiskeli zao kuwa pikipiki, sauti ya injini wakaitoa mdomoni. Herufi BMX zenyewe ni kifupi cha baiskeli ya motokrosi, na ile X imesimama mahali pa neno "krosi".

Mwezi wa kumi na moja mwaka 1970, mjini Long Beach, kijana wa miaka 13 aitwaye Scot Breithaupt aliandaa mashindano kwenye kiwanja kitupu. Yeye mwenyewe alikuwa anaendesha pikipiki za mashindano, kwa hiyo vikombe alivitoa kwenye vile alivyoshinda. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya Bruce Brown, On Any Sunday, inayohusu pikipiki, lakini mwanzoni inaonyesha watoto wakirusha Sting-Ray zao mchangani. Watoto wa Marekani nzima wakaiona. Halafu mwaka 1982 ikaja ile ya mgeni kutoka angani, E.T., ambamo watoto wanawakimbia polisi kwa baiskeli za Kuwahara kutoka Japani. Hiyo hata mimi niliiona, Bujumbura, kwenye chumba cha video. Nilisahau yule mgeni. Baiskeli sikuzisahau.

Yaliyofuata ni ya mashirika na vikombe, nitayapita haraka: mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Dayton, Ohio, mwaka 1982, na BMX ikaingia Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, ambako Maris Strombergs wa Latvia alichukua dhahabu.

Mimi nilichokuwa natafuta ni kitu kingine. Nilitaka kujua wale watoto wa 1970 walipokua, waliiacha? Wengi waliiacha, kama mtu anavyoacha marumaru. Lakini wapo ambao hawakushuka. Breithaupt mwenyewe alianzisha kampuni ya kutengeneza hizo baiskeli mwaka 1977, SE Racing. Jina hilo lipo mpaka leo, na moja ya zinazouzika sana ni BMX ya magurudumu ya inchi 29, yaani baiskeli ya mtoto iliyokuzwa ili baba aenee. Kwenye mashindano nako kuna inayoitwa kruza, umbo lilelile lakini inchi 24, na wazee wengi wanakimbilia hiyo kwa sababu gurudumu kubwa linapita kwenye matuta bila kukutikisa meno. Mashindano ya dunia yana makundi ya umri, na wenye zaidi ya miaka 50 wanasimama getini na mvi zao, wanasubiri taa kama wenzao.

Dennis McCoy wa Kansas City, aliyezaliwa mwaka 1966, alishindana kwenye X Games ya kwanza mwaka 1995, na alipofika miaka 50 alikuwa bado anashindana na vijana ambao angeweza kuwazaa. Huyo ni mkubwa wangu. Rika langu ni Mat Hoffman wa Oklahoma, mwaliwa wa 1972 kama mimi. Mwaka 1989, akiwa na miaka 17, alizunguka hewani na baiskeli mara mbili na nusu kabla ya kutua, jambo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelifanya kwenye mashindano. Baadaye alianguka bandama ikapasuka, nusura afe. Amepasuliwa zaidi ya mara ishirini na bado alirudi kupanda.

Hapo nilizima simu nikakaa gizani. Mara ishirini! Yeye akivunjika kuna meza ya kumlaza na daktari wa kumshona. Mimi nikivunjika goti, nani atasimama foleni ya mgao? Tena si goti tu. Dave Mirra, aliyebeba medali 24 za X Games, alikufa mwaka 2016 akiwa na miaka 41, na madaktari walipochunguza ubongo wake wakakuta ule ugonjwa wa mabondia, unaotokana na kichwa kupigwa mara kwa mara. Tangu nisome hiyo navaa kofia ngumu ya pikipiki niliyopewa na kijana wa bodaboda. Ni nzito, na wanaocheka wameongezeka.

Na Scot Breithaupt, yule mtoto wa kiwanja kitupu? Mwezi wa saba mwaka 2015 alikutwa amekufa ndani ya hema, kwenye kiwanja kitupu, mji wa Indio, California. Alikuwa na miaka 57. Nilisoma neno hema mara mbili. Mimi nimeishi ndani ya hema, najua asubuhi yake inavyonuka. Sikuwa nimewaza kwamba mtu aliyeanzisha mchezo uliofika Olimpiki anaweza kuishia humo, tena kwenye nchi ambayo sisi wote hapa tunasubiri majina yetu yaitwe kwenda.

Ndugu msomaji, usinielewe vibaya, sisemi kwamba kwetu watu wazima hawapandi baiskeli. Wanapanda kuliko hao Wamarekani. Ambaye hajawaona Warundi wakiteremka barabara ya Bugarama kwenda Bujumbura, mikungu ya ndizi imejaa nyuma mpaka mtu haonekani, ambaye hajawaona wakirudi juu wameshika mkia wa lori, huyo asiniambie habari za X Games. Pale Goma kuna chukudu, ile ya mbao, mwanamume wa miaka 50 anateremka nayo na magunia ya viazi na goti moja limepigwa juu ya ubao. Wamemjengea hata sanamu. Lakini angalia: wote hao wana mzigo. Mtu mzima kwetu akipanda kitu chenye magurudumu bila mzigo, ama amefiwa na akili ama ana pesa, na mimi pesa sina.

Nilichelewa kujua kwamba kile kiti cha BMX si cha kukalia. Mwaka mzima nilikikalia, magoti yakinigonga kifua, nikidhani ni adhabu ya umri. Kwenye video ndiyo nikaona: unasimama juu ya pedali, magoti yamekunjwa kidogo, viwiko vimelegea, na mwili wako ndio springi. Haina gia, ukitaka mwendo unasukuma. Tuna mteremko mdogo wa udongo mwekundu na mtaro wa maji ya mvua unaoukata katikati. Alfajiri, kabla watu hawajatoka, nateremka, navuta usukani, gurudumu la mbele linaruka mtaro, la nyuma linafuata. Ni kama nusu mita hivi. Hakuna atakayenitengenezea filamu.

Mwaka 2019 la nyuma halikufuata. Kifundo cha mkono kilivimba, wiki mbili sikuweza kuinua dumu, maji yote aliyachota mke wangu. Hakusema kitu. Aliichukua baiskeli akaitundika mwenyewe, juu zaidi ya pale nilipokuwa naitundika mimi.

Mwaka huu mgao umepungua tena. Mrundi mmoja anayejiandaa kurudi kwao akaja kuiomba kwa ajili ya mtoto wake, akataja shilingi 40,000. Nikamwambia si yangu, ngoja niulize mwenyewe. Nikampigia kijana Marekani. Sasa ana miaka 21, anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala sasa hivi. "Mjomba, ile bado iko? Uuze tu. Huku nina gari, na hata muda wa kupanda kinga sina."

Yule Mrundi alirudi mara mbili. Mara ya pili nilijificha kwa jirani, mtu wa miaka 52.

Jioni hiyo nilimwambia mke wangu ukweli wote: kwamba kijana amekubali, kwamba bei ni 40,000, kwamba mimi sijauza. Akaendelea kuchambua maharage. Nikangoja neno, halikuja.

Asubuhi nilikuta baiskeli imeshushwa, imeegemezwa mlangoni, na dumu la lita 5 limefungwa kwenye usukani kwa kamba ya chandarua. Likijaa linavuta upande wa kushoto, kwa hiyo ule mtaro nauruka wakati wa kwenda tu.